Daktari Aketiye Tena Miguuni pa Walimu

Somo juu ya mafunzo ya madaktari wa magonjwa ya kuambukiza



Mwezi uliopita mzee mmoja wa usharika wetu alitujia jioni. Akaketi, akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Mchungaji, nina neno linalonisumbua. Binti yangu alisoma miaka 5 ya udaktari hapa kwetu, akafanya kazi ya mazoezi mwaka mmoja, akaitwa daktari. Tukachinja, tukashukuru. Baadaye akasema anakwenda Marekani kusomea ubingwa. Nikauza ng'ombe wawili kwa ajili ya nauli na ada za mitihani, nikanyamaza. Sasa amenipigia simu ya kwamba ubingwa ameupata, lakini anaingia tena katika mafunzo ya miaka miwili. Je, mtoto huyu hafahamu, au wanamdanganya? Tena nikimwuliza atapasua watu wa namna gani, anajibu hatapasua mtu hata mmoja. Atatibu homa. Homa, Mchungaji! Hata mwenye duka la dawa pale njia panda hutibu homa."

Tulicheka naye kidogo, lakini hatukuwa na jibu la kumtosha. Kuuliza si ujinga. Basi tukawauliza madaktari tuwajuao, tukasoma, na yale tuliyoyapata twayaweka hapa kuwa somo la mwezi huu. Twadhani yatawafaa walimu wa vitongojini pia, maana ninyi ndio mnaoitwa usiku penye mgonjwa kabla ya daktari kuitwa.

1. Ngazi za elimu hiyo

Kwanza yafaa tuzijue ngazi zenyewe. Nchini Marekani, kijana amalizapo sekondari huingia chuo kikuu kwa miaka 4, asome sayansi na mambo mengine. Hapo bado hajagusa mgonjwa. Ndipo huingia chuo cha udaktari, miaka 4 tena. Akihitimu huitwa daktari, walakini hajawa tayari kusimama peke yake. Huingia hospitali, akatibu wagonjwa chini ya macho ya wakubwa wake. Atakaye kuwa bingwa wa magonjwa ya ndani ya watu wazima hukaa humo miaka 3, na wa watoto vivyo hivyo miaka 3.

Wengi huishia hapo, nao ni mabingwa wa kweli. Lakini yuko atakaye kuingia ndani zaidi katika jambo moja: moyo, au figo, au damu, au magonjwa ya kuambukiza. Huyo hupanda ngazi ya mwisho, ambayo siku hizi kwetu huitwa ubingwa bobezi. Kwa magonjwa ya kuambukiza ya watu wazima ngazi hiyo haipungui miaka 2, na kwa yale ya watoto ni miaka 3. Jumlisheni: 4, na 4, na 3, na 2, ni miaka 13 tangu kutoka sekondari. Binti wa mzee wetu amepita njia yenye umbo jingine, kwa kuwa kwetu Tanzania mwanafunzi huingia udaktari moja kwa moja. Hata hivyo hesabu yake yafika miaka 11.

Mwisho wa miaka hiyo uko mtihani. Baraza la mabingwa wa magonjwa ya ndani huko Marekani lilianza kutahini elimu hii kama fani yenye jina lake mwaka 1972. Tena hawatahiniwi mara moja tu na kuachwa. Katika maisha yao ya kazi hupimwa tena, ili ijulikane kama bado wanasoma.

Na hapa tumtulize mzee kwa neno moja: mwanafunzi wa namna hii hakai darasani akilipa ada. Hufanya kazi hospitalini mchana na mara nyingine usiku, naye hupewa mshahara, ingawa ni mdogo kuliko wa daktari aliyekwisha kumaliza. Ng'ombe waliobaki wako salama.

2. Kazi yake ya kila siku

Sasa tuone afanyayo. Katika hospitali kubwa, daktari wa wodi akiona homa isiyoshuka, au jeraha lisilopona, au kijidudu kisichosikia dawa, humwita daktari wa magonjwa ya kuambukiza aje amshauri. Anayekuja kwanza ni huyo mwanafunzi wetu. Hasomi kipimo kimoja na kuondoka. Huketi karibu na kitanda, akaanza kuuliza.

Je, umesafiri wapi katika mwaka huu? Unafuga nini? Ulizalisha mbuzi au ng'ombe kwa mikono yako? Maziwa mnakunywa yakiwa yamechemshwa au mabichi? Maji mnateka wapi? Unalala na nani chumbani, na je, yuko anayekohoa? Kazi yako ni nini. Je, unaingia shambani penye maji bila viatu? Uliwahi kupasuliwa, ukawekewa chuma mwilini? Dawa gani ulikunywa kabla ya kuja hapa, na ulizinunua wapi? Uliumwa na kupe? Maswali mengine ni ya siri, juu ya ndoa na mambo ya chumbani, nayo huyauliza kwa upole bila kumhukumu mtu.

Baada ya kuuliza humpima mgonjwa tangu utosini hata kucha za miguu. Ndiyo, hata kucha. Maana vijidudu vikikaa katika milango ya moyo, huweza kuonyesha alama ndogo kama kibanzi chekundu chini ya ukucha. Kisha huandika yote, huyapanga, na saa za alasiri husimama mbele ya mwalimu wake na kumweleza: huyu ni nani, ana nini, sisi twadhani ni nini, na kwa sababu gani. Mwalimu humwuliza naye. "Kwa nini si kifua kikuu? Uliona kwa macho yako ule ubao wa maabara, au uliambiwa tu?" Kisha huenda pamoja kitandani, na mwalimu hupima tena. Hivyo ndivyo elimu hii inavyopokewa, mkono kwa mkono, mgonjwa baada ya mgonjwa. Vitabu viko, navyo ni vinene, lakini kitabu hakijui kunusa jeraha.

Kanuni za mafunzo hayo zataka angalau miezi 12 katika ile 24 iwe ya kutunza wagonjwa namna hii. Pamoja na hayo, mwanafunzi huwa na kliniki yake ya kudumu, ambako huwaona watu wale wale mwezi hata mwezi, hasa wenye virusi vya UKIMWI, ili ajifunze kwamba kutibu si kumwona mtu mara moja. Miezi iliyobaki wengi huitumia katika uchunguzi, wakitafuta jambo ambalo bado halijajulikana.

3. Maabara, na hukumu ya dawa

Tena hufundishwa kukaa maabara. Mwaka 1884 Mdenmark Hans Christian Gram alivumbua namna ya kupaka vijidudu rangi: vingine huishika rangi ya zambarau, vingine huiacha na kuchukua nyekundu. Njia hiyo ingali yatumika. Kwa dakika chache tu daktari akitazama katika hadubini aweza kujua ni kundi lipi, kabla jina lenyewe halijapatikana.

Kisha vijidudu hupandwa katika kisahani chenye chakula chao, kama tupandavyo ulezi. Juu yake huwekwa vipande vidogo vya karatasi vilivyotiwa dawa mbalimbali. Kesho yake hutazamwa: palipo na dawa inayoviua, huonekana duara tupu kuizunguka karatasi, palipo na dawa visivyoiogopa, huota mpaka ukingoni mwa karatasi. Hapo daktari husoma kwa macho yake dawa ipi itamwokoa mgonjwa na ipi ni kupoteza fedha na siku.

Twachukua mfano mmoja. Kiko kijidudu kiitwacho Staphylococcus aureus, kikaacho juu ya ngozi na puani mwa watu wengi bila kuwadhuru. Kikiingia katika damu ni hatari kubwa. Asiyejua humpa mgonjwa dawa siku chache, homa hushuka, naye humruhusu. Baada ya majuma mawili mtu huyo hurudi akiwa na usaha mgongoni au mlango wa moyo ukiwa umetoboka. Ajuaye hupima damu tena na tena mpaka ihakikike kuwa safi, hutafuta mahali kijidudu kilipojificha, hutazama moyo kwa mashine, na hutibu kwa majuma 2 kwa uchache, mara nyingi 4 mpaka 6. Imechunguzwa katika hospitali nyingi, ikaonekana kwamba wagonjwa wa namna hii hufa wachache zaidi pale bingwa wa magonjwa ya kuambukiza anapoitwa. Wala hakumpasua mtu.

Liko na jambo la pili, nalo ni zito: kujua wakati wa kutokutoa dawa. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipopewa tuzo ya Nobel mwaka 1945 aliwaonya watu kwamba dawa ikitumiwa kidogo kuliko ipasavyo, vijidudu vitajifunza kuishinda. Ndivyo ilivyokuwa. Kwa hiyo tangu mwaka 2017 hospitali za Marekani zitakazo kuthibitishwa na chombo kikuu cha ukaguzi huko hutakiwa kuwa na mpango wa kulinda dawa za kuua vijidudu, na mara nyingi msimamizi wake ni daktari wa fani hii. Yeye ndiye humwambia mwenzake, "Ndugu, dawa hii iache, mgonjwa wako haihitaji." Si kazi ya kupendwa na wote.

4. Walivyoanza

Kama kila fani, hii nayo ina wazee wake. Mmoja wao ni Maxwell Finland, aliyezaliwa mwaka 1902 karibu na Kiev, akaletwa Boston angali mtoto mdogo, katika jamaa ya wahamiaji. Alisoma Harvard, akafanya kazi maisha yake yote katika hospitali ya mji wa Boston, iliyotunza maskini. Alianza kwa kuchunguza homa ya mapafu, wakati ambapo dawa za kuua vijidudu zilikuwa hazijapatikana. Dawa zilipokuja alizipima moja moja kwa uangalifu, na alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonya kwamba zatumiwa ovyo. Vijana zaidi ya 100 walijifunza kwake, nao wakaenda kufundisha wengine katika vyuo vingi. Mwaka 1963 madaktari wa fani hii walipoanzisha chama chao, Finland alikuwa rais wa kwanza. Alifariki mwaka 1987.

Tuangalie neno hili: alikuwa mwenye elimu nyingi, akaiacha katika watu. Laiti angaliiandika vitabuni tu, ingalisomwa na kusahauliwa.

5. Waliodhani kazi imekwisha

Hapa pana jambo la kutunyenyekesha. Baada ya penisilini, chanjo na dawa za kifua kikuu, watu wengi wenye akili walidhani magonjwa ya kuambukiza yamekwisha kushindwa. Mmoja wa mabingwa wakubwa wa fani yenyewe, Robert Petersdorf, aliandika mwaka 1978 kwamba ingawa aliipenda kazi yake, hakuona wahitimu wapya 309 wa mwaka ule wangefanya nini. Aliwatania kwamba labda wapimane vijidudu wao kwa wao. Huyu hakuwa mtu mdogo. Yeye na mwalimu wake Paul Beeson mwaka 1961 waliandika habari ya wagonjwa 100 wenye homa ya majuma matatu na zaidi isiyojulikana chanzo, na hata leo madaktari husoma utaratibu wao.

Miaka mitatu tu ilipita. Tarehe 5 Juni 1981 ilitolewa taarifa ya vijana 5 wa Los Angeles waliougua homa ya mapafu ya namna ambayo haiwapati watu wenye nguvu. Ndio ulikuwa mwanzo wa kujulikana kwa UKIMWI. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza walitambuliwa kwetu, mkoani Kagera. Na mwaka uo huo wataalamu wa Paris waliiona virusi yenyewe. Nani aliyesimama kitandani pa wagonjwa wale wakati hakuna dawa, na wengi waliogopa hata kuwashika mkono? Katika Marekani ni wale wale vijana ambao ilisemwa hawatakuwa na kazi. Walikaa nao, wakawazika wengi, na walipochunguza hawakukoma, mpaka mwaka 1996 ilipodhihirika kwamba dawa tatu zikitolewa pamoja mtu huishi.

Baadhi yao walivuka bahari. Merle Sande, aliyekuwa mkuu wa madaktari katika hospitali moja kubwa ya San Francisco siku zile za kwanza, baadaye alishirikiana na wenzake wa Makerere, Kampala, kuanzisha Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza, ambayo imefundisha madaktari na wauguzi wa nchi nyingi za Afrika.

Tangu hapo tumeona Ebola ya Afrika Magharibi mwaka 2014, UVIKO-19 mwaka 2020, na ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera mwaka 2023, kisha tena mwaka 2025. Basi asiwepo atakayesema tena kwamba kazi imekwisha.

6. Homa za Moshi

Sasa turudi nyumbani, kwa maana hapa ndipo neno la mzee wetu, "homa hata mwenye duka huitibu," linapojibiwa.

Hospitali ya KCMC, Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, kwa miaka mingi imekuwa na ushirikiano na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani. Baadhi ya madaktari waliokuwa katika mafunzo hayo ya ubingwa bobezi huko Duke walikuja kukaa Moshi, wakafanya uchunguzi pamoja na madaktari wetu. Tangu Septemba 2007 hata Agosti 2008 waliwachunguza kwa makini wagonjwa 870, watoto na watu wazima, waliolazwa Moshi kwa sababu ya homa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013.

Someni hesabu hizi polepole. Katika watu 870, madaktari waliowalaza waliandika malaria kwa watu 528. Damu ilipopimwa ipasavyo, waliokuwa wakiugua kwa sababu ya malaria walikuwa 14. Kumi na wanne! Wengine walikuwa na nini? Watu 85 walikuwa na bakteria katika damu, ugonjwa uwezao kuua kwa siku chache. Na katika wale ambao damu yao ilipimwa kwa magonjwa yatokayo kwa wanyama, zaidi ya robo, watu 118, walikutwa nayo: 40 walikuwa na leptospira, ienezwayo na mkojo wa panya na mifugo, 36 walikuwa na homa ya kupe ya namna fulani, 24 walikuwa na homa ya Q, ipatikanayo sana kwa mifugo wanaozaa, na 16 walikuwa na brusela, ambayo watu wengi huipata kwa kunywa maziwa mabichi. Wengine 55 walikuwa na chikungunya, ya mbu.

Magonjwa haya hayaponi kwa dawa ya malaria. Brusela, kwa mfano, hutibiwa kwa dawa mbili pamoja, kwa majuma yasiyopungua 6.

Tulipomsomea mzee wetu hesabu hizi alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mdogo wangu alikufa kwa homa. Alikunywa dawa ya malaria mara tatu. Kila mara tulisema, dawa ya safari hii ilikuwa mbovu." Alikuwa mfugaji, mdogo wake. Hatukumwambia kwamba ilikuwa brusela au leptospira, maana hakuna aliyepima, na asiyepima asiseme. Lakini mzee alikumbuka jambo jingine: binti yake wakati ule alikuwa kidato cha nne, naye ndiye aliyeuliza msibani, "Baba, alikufa kwa homa gani?" Watu wazima walimnyamazisha.

7. Mbona ni wachache?

Mtu atauliza: kama kazi hii yafaa hivi, kwa nini madaktari hawaikimbilii? Jibu si la kupendeza. Hata Marekani penye mali, uchunguzi ulionyesha kwamba mwaka 2017 karibu wilaya 8 katika kila 10 hazikuwa na daktari hata mmoja wa fani hii. Kila mwaka nafasi za mafunzo hugawanywa. Katika mgawanyo wa mwaka 2022 takriban robo ya nafasi za magonjwa ya kuambukiza ya watu wazima zilibaki bila mtu, lakini za moyo ziligombewa.

Sababu moja ni fedha. Huko daktari hulipwa zaidi kwa kazi ya mikono na mashine kuliko kwa kuuliza na kufikiri. Hivyo aweza mtu kusoma miaka 2 zaidi ya wenzake, akatoka akilipwa pungufu kuliko aliowaacha nyuma. Tena, matunda ya kazi yake mara nyingi hayaonekani. Mtu aliyepasuliwa huonyesha kovu, akamtaja daktari wake. Lakini ni nani atakayemshukuru daktari kwa ugonjwa ambao haukuenea wodini, au kwa dawa ambayo hakupewa?

8. Basi sisi yatupasa nini?

Hatuwezi sote kusoma miaka 13. Lakini katika elimu ile yako mambo ambayo hata mwalimu wa kitongoji aweza kuyashika.

Kwanza, tusiite kila homa malaria. Mgonjwa wa homa apelekwe apimwe. Kipimo kikisema si malaria, tusigombane na mpimaji wala kununua dawa ya malaria njiani. Tuulize, "Basi ni nini?"

Pili, tuseme kweli mbele ya daktari. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwambieni mlizalisha mbuzi lini, mlikunywa nini, mlitumia dawa za kienyeji zipi. Dawa mlizokwisha kunywa zichukueni pamoja na karatasi zake, ili azisome.

Tatu, dawa za kuua vijidudu zisinunuliwe kama peremende, vidonge viwili leo na viwili kesho. Zitumiwe kama zilivyoandikwa, kwa siku zilizoandikwa, wala zisigawanywe na jirani. Vidonge vilivyobaki mwaka jana si urithi wa nyumba.

Nne, maziwa yachemshwe. Anayemzalisha mnyama avae kinga mikononi, au angalau anawe kwa sabuni, na kondo la nyuma lizikwe mbali na watoto na mbwa.

Tano, tusimdharau daktari aulizaye sana. Wengi wetu humsifu daktari aandikaye haraka na kutoa dawa nyingi, na yule aulizaye nusu saa twasema hajui kazi. Huenda huyo ndiye ajuaye.

9. Neno la mwisho

Mzee wetu aliporudi mara ya pili tulimsomea somo hili lote kabla ya kulipeleka kiwandani kuchapishwa, ili aseme kama tumemtendea haki. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo kazi ya binti yangu ni kuuliza?"

Tukamjibu, "Ndiyo, mzee. Kuuliza, na kutokuridhika upesi na jibu."

Akatikisa kichwa, akasimama na kuchukua fimbo yake. "Basi hiyo ameirithi kwa mama yake," akasema. Alipofika mlangoni akageuka. "Nitampigia simu leo. Nataka nimwambie habari za mdogo wangu, yote, tangu mwanzo. Labda ataniuliza vizuri."

Maswali ya kujadiliana katika makundi

1. Kwa nini daktari aliyekwisha kuwa bingwa hurudi kujifunza miaka 2 tena?
2. Katika wagonjwa 870 wa Moshi, wangapi waliandikiwa malaria, na wangapi walikuwa nayo kweli? Jambo hili latufundisha nini juu ya homa za nyumbani kwetu?
3. Tajeni maswali matano ambayo daktari wa magonjwa ya kuambukiza humwuliza mgonjwa. Je, ninyi mngeyajibu yote kwa kweli? Kama sivyo, mnazuiwa na nini?
4. Nini kiliwakosesha wale waliodhani mwaka 1978 kwamba kazi imekwisha?
5. Katika kitongoji chenu, dawa za kuua vijidudu hununuliwa wapi na kwa namna gani? Mwaweza kubadili nini kabla ya mwezi ujao?